Miguu Ikinywea, Moyo Bado Haujapona

Miguu ikivimba, hapa pwani hakuna anayehitaji kuelezwa kuwa mtu ni mgonjwa. Viatu havivaliki, mtu analala ameegemea mito mitatu, na akipanda ngazi za nyumba ya ghorofa kule Amu husimama katikati akitafuta pumzi. Watu wa nyumbani wanaona, jirani anaona, na safari ya hospitali inafanyika. Anapigwa picha ya kifua, anaambiwa moyo umepanuka, anaandikiwa dawa. Wiki chache za dawa ya maji, ile inayotoa maji mwilini kwa mkojo, zinatosha: miguu inanywea, usingizi unarudi, mgonjwa anarudi barazani na watu wanamshukuru Mungu. Hapo ndipo wengi huacha dawa.

Nafanya kazi katika duka la dawa Malindi, na jambo hili naliona kila mwisho wa mwezi. Cheti cha mgonjwa wa moyo huwa na dawa nne au tano. Fedha zikipungua, mteja huweka kidole kwenye jina moja: "Daktari, nipe hii ya maji peke yake. Hii ndiyo inayonisaidia." Namwelewa sana. Ndiyo dawa anayoihisi ikifanya kazi; haipiti saa moja ashaenda msalani, na kesho yake uvimbe umepungua. Zile nyingine hazimpi ishara yoyote. Lakini ni hizo nyingine zilizothibitishwa kupunguza vifo, vikiwemo vile vya ghafla, na hiyo ya maji ikitumiwa peke yake bila kupimwa damu inaweza kuvileta karibu. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu.

Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao MERIT-HF, uliowafuata wagonjwa 3,991 ambao moyo wao ulikuwa umedhoofika. Watafiti hawakuhesabu vifo tu, walitazama pia kila aliyefariki alifariki vipi. Miongoni mwa wenye dalili nyepesi, wale wanaochoka tu wakijitahidi, asilimia 64 ya vifo vilikuwa vya ghafla. Miongoni mwa waliokuwa hoi, ambao hata kitandani hukosa pumzi, vifo vya ghafla vilikuwa asilimia 33; wengi wao walimalizwa na moyo kuishiwa nguvu taratibu. Isisomwe vibaya: kwa jumla, walio hoi ndio wanaokufa kwa wingi zaidi. Ila yule anayeonekana mzima, anayekwenda sokoni na kurudi na samaki wake, akifa, mara nyingi hufa kwa hitilafu ya mapigo. Hakuna uvimbe unaomtahadharisha, wala hakuna anayemwona akizidiwa.

Moyo hujiendesha wenyewe. Juu kabisa, ukutani mwa chumba cha juu cha kulia, kuna kifundo kidogo cha seli zinazojiamsha mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza ndio walioeleza kifundo hicho mwaka 1907. Mwaka mmoja kabla yao, Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi Marburg nchini Ujerumani, alikuwa ameonyesha kifundo cha pili kilicho baina ya vyumba vya juu na vya chini. Hapo umeme huchelewa kidogo, takriban sehemu ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya juu viwahi kumimina damu. Kisha hushuka kwa nyuzi maalumu na kuenea katika vyumba vya chini vyote, kushoto na kulia, kwa muda mfupi kama huo. Ule mwinuko mrefu mwembamba kwenye karatasi ya ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, ndio picha ya tukio hilo, na wembamba wake ni habari njema: maana yake kuta zote zimepata amri karibu kwa wakati mmoja.

Ndani ya seli, umeme huo ni chumvi zinazopita kwenye ngozi ya seli. Seli ikiwa imepumzika, ndani yake ni hasi, kiasi cha milivolti 90 chini ya nje. Ikiamshwa, sodiamu huingia kwa kasi, kalsiamu hufuata na kuufanya msuli ukaze, halafu potasiamu hutoka na kuirudisha seli mapumzikoni. Mzunguko mzima, katika vyumba vya chini, huchukua kama sehemu tatu za kumi za sekunde. Kipindi cha kurudi mapumzikoni ndicho nyeti kuliko vyote, maana seli iliyorudi nusu ikiguswa na umeme mwingine huweza kuanza upya pasipo wakati wake.

Moyo hupanuka kwa sababu nyingi, na hapa kwetu zote zipo. Ya kwanza ni presha iliyoachwa miaka bila dawa. Vali, zile zinazozuia damu isirudi nyuma moyoni, huharibika kwa homa ya baridi yabisi, ile inayoanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa na kuja kujitokeza akiwa mama wa watoto wawili. Wapo wanawake ambao moyo huwadhoofika mwezi wa mwisho wa mimba au katika miezi mitano baada ya kujifungua, na wakaambiwa ni uchovu wa uzazi. Iko mishipa ya moyo iliyoziba, virusi, pombe, na magonjwa ya kurithi ambayo nitayarudia. Kwa kawaida moyo unaosukuma dhidi ya presha kubwa huanza kwa kunenepa kuta. Mzigo ukizidi, au ugonjwa ukiwa wa msuli wenyewe, chumba hutanuka na kuta hulegea. Kwa vyovyote, moyo hauongezeki ukubwa ukabaki na umeme wake wa zamani.

Badiliko la kwanza liko kwenye potasiamu. Seli za moyo uliopanuka hupunguza idadi ya milango inayoitoa potasiamu nje, hivyo kila pigo huchukua muda zaidi kumalizika. Kwenye karatasi ya ECG, muda unaoitwa QT hurefuka. Inaonekana moyo unapata faida fulani, kwa kuwa pigo refu huruhusu kalsiamu zaidi na mkazo zaidi, lakini gharama yake ni kubwa: seli inayokawia kurudi mapumzikoni inaweza kufyatua pigo la pili kabla ya la kwanza kwisha. Baya zaidi, kurefuka huku hakulingani ukutani kote. Sehemu moja imeshamaliza, jirani yake bado, na tofauti hiyo ya muda ndiyo inayotafutwa na mapigo hatari.

La pili ni kalsiamu, na kwa maoni yangu ndilo lenye siri nyingi. Baada ya kila mkazo, kalsiamu hupaswa kurudishwa kwenye ghala lake ndani ya seli. Katika moyo uliochoka, protini inayoirudisha ghalani hupungua, na milango ya ghala huvuja. Kalsiamu inayovuja hutolewa nje ya seli na kibadilishaji kinachotoa chembe moja ya kalsiamu na kuingiza chembe tatu za sodiamu. Kalsiamu ina chaji mbili, sodiamu tatu zina chaji tatu. Kwa kila mabadilishano hayo, chaji moja chanya inabaki ndani. Zikikusanyika za kutosha, seli iliyokuwa imetulia inajiamsha bila kuamriwa na yeyote. Adrenalini huongeza uvujaji huo. Mwili wa mtu mwenye moyo dhaifu hujaa adrenalini usiku na mchana, kwa kuwa ndiyo njia yake ya kulazimisha moyo ufanye kazi. Dawa za kuzuia adrenalini moyoni, kama bisoprololi, kavediloli na metoprololi, zinaingia hapo. Katika MERIT-HF, metoprololi ilipunguza vifo vya ghafla kwa asilimia 41. Hiyo ndiyo dawa ambayo mteja wangu anairudisha kaunta akisema haimsaidii.

La tatu ni makovu. Seli zikifa au zikisongwa na shinikizo, pahala pake hujazwa na nyuzi ngumu zisizopitisha umeme. Seli zilizobaki nazo hupunguza protini zinazoziunganisha ncha kwa ncha, na zile zilizobaki huhamia ubavuni, kiasi kwamba umeme uliokuwa ukipita moja kwa moja sasa unakwenda kombo na polepole. Ami yangu, fundi wa mashua Matondoni, nilipomweleza hili alilielewa kabla sijamaliza. Alisema maji ya kujaa yakikuta fungu la mchanga hugawanyika. Upande wenye mkondo mzuri yanawahi, upande wa kina kifupi yanachelewa, na mara nyengine yale yaliyowahi hulizunguka fungu na kurudi nyuma kuyakuta ya kule. Ndivyo ilivyo kwenye kovu. Umeme unapita upande mmoja upesi, unazunguka, unarudi kwa upande wa pili ambao wakati huo umeshapumzika na uko tayari kuamshwa, kisha unazunguka tena, na tena, mara 150, 200 kwa dakika. Kile kifundo cha juu hakisikilizwi tena.

Mzunguko huo ulielezwa na George Mines miaka ya 1913 na 1914, akitumia vipande vya mioyo ya wanyama vilivyokatwa kama pete. Mwaka 1914 pia, Walter Garrey aliukata moyo uliokuwa ukitetemeka na kuona kwamba vipande vidogo viliacha kutetemeka na vikubwa viliendelea. Kutetemeka kunahitaji nafasi. Kwa hiyo moyo mkubwa, hata tukiweka kando chumvi na makovu, una uwanja mpana zaidi wa mawimbi kuzunguka bila kuzimika. Mara nyingi nalifikiria jaribio hilo, maana linaeleza kwa urahisi kabisa kwa nini ukubwa wenyewe ni hatari.

Chumba cha juu cha kushoto kina hadithi yake. Vali iliyo chini yake ikikakamaa, jambo la kawaida kwa waliougua homa ya baridi yabisi, chumba hicho hutanuka mwaka hadi mwaka na mwisho kuanza fibrilesheni: kinatetemeka, hakipigi. Mapigo ya mkono huwa hayana mpangilio, moja refu, mbili fupi, moja limepotea. Damu inatuama na kuganda, na bonge likitoka linakwenda ubongoni. Uchunguzi wa Framingham, Marekani, ulikuta fibrilesheni ya vyumba vya juu huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano, na vali ikiwa imekakamaa hatari hiyo ni kubwa zaidi. Kuhusu dawa ya kuzuia kuganda, utafiti wa INVICTUS uliotoka mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kuwa wagonjwa wenye vali za baridi yabisi hufanya vyema zaidi kwa wafarini na jamii yake kuliko kwa rivaroxabani, dawa mpya ya bei kubwa. Wafarini inataka kupimwa damu mara kwa mara, na kwa mtu wa Faza au Kizingitini hilo ni bahari, nauli na siku nzima. Hata hivyo ndiyo dawa yake.

Na umeme mbovu nao huupanua moyo. Mwaka 1995, Maurits Allessie na wenzake wa Maastricht, Uholanzi, walionyesha kwa mbuzi kwamba kila fibrilesheni inavyoendelea ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuisha. Vyumba vya juu vinabadilika na kuikaribisha. Vyumba vya chini vikikimbizwa miezi kadhaa kwa mapigo ya haraka, hutanuka na kulegea. Tawi la kushoto la nyuzi za umeme likiziba, ukuta mmoja unakaza huku wa pili umelala, damu inasukumwa huku na huku ndani ya chumba, na chumba kinazidi kupanuka. Ule mwinuko wa ECG uliokuwa mwembamba unakuwa mpana, zaidi ya milisekunde 120. Kwa wagonjwa wa namna hiyo ipo betri maalumu inayochokoza kuta zote mbili kwa pamoja. Katika utafiti wa CARE-HF wa mwaka 2005 ilipunguza vifo kwa asilimia 36. Wengi wetu hatutaipata. Lakini upana wa mwinuko huo unasomeka kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha dakika chache, na mtu ana haki ya kuujua.

Ami ana tawi hilo lililoziba. Eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha chumba chake cha chini cha kushoto kimetanuka na kinasukuma chini ya theluthi ya damu yake kwa kila pigo, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya nusu. Alipoanzishiwa dawa alipata nafuu iliyotushangaza sote. Akarudi kwenye mbao zake, akishika tezo kama zamani, na kila nikimpigia simu jibu lilikuwa lile lile: "Mwanangu, mimi sina ndwele tena." Dawa zikamalizika, akanunua ile ya maji tu. Chumvi hakuiacha, maana ng'onda na achari ya embe kwake ni sehemu ya chakula, na chumvi ilipomjaza maji aliongeza kidonge cha maji bila kumuuliza mtu. Akaja kuharisha kwa siku kadhaa. Asubuhi moja, akitoka kuswali alfajiri, alianguka kibarazani. Alizinduka mwenyewe kabla hajabebwa. Damu ilipopimwa, potasiamu yake ilikuwa 2.9, kiwango cha kawaida ni 3.5 hadi 5. Muda wa QT ulikuwa umerefuka mno.

Mnyororo huu ndio ningependa kila nyumba yenye mgonjwa wa moyo iujue. Dawa za maji kama furosemaidi hutoa potasiamu pamoja na mkojo. Moyo uliopanuka tayari una milango michache ya kutolea potasiamu kwenye seli. Potasiamu ya damu ikishuka, milango iliyobaki nayo hupitisha potasiamu pungufu, na pigo linarefuka kupita kiasi. Kuharisha na kutapika hupunguza zaidi. Kama mtu anatumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, potasiamu ya chini huifanya dawa hiyo iwe sumu kwa kipimo kile kile alichozoea. Kisha kuna dawa zinazorefusha QT zenyewe, na watu huzinunua kwa jina tu: azithromaisini na erithromaisini kwa kikohozi, flukonazoli kwa fangasi, kwinini kwa malaria. Kwa mtu mwenye moyo mzima, kwa kawaida hazileti neno. Kwa mwenye moyo uliopanuka na potasiamu ya chini, naziogopa. Siku hizi kila anayetaka dawa hizo namuuliza kwanza kama ana ugonjwa wa moyo au anatumia dawa ya maji, na wengine huudhika kwa maswali.

Watu wakishasikia potasiamu, wanakimbilia madafu na ndizi. Madafu ni mazuri, na kikombe kimoja kina potasiamu ya kutosha, miligramu 400 hadi 600. Kwa anayetumia dawa ya maji peke yake yanaweza kumsaidia. Lakini mgonjwa anayepata matibabu kamili huwa anatumia enalaprili au dawa ya jamii yake, pamoja na spironolaktoni, na zote mbili huzuia potasiamu isitoke. Figo zake zikiwa dhaifu, madafu matatu manne kwa siku yanaweza kuipandisha potasiamu hadi moyo upige polepole, upotee mpangilio, hata usimame. Ikishuka ni hatari, ikipanda ni hatari. Hakuna anayeweza kukisia iko wapi kwa kuonja au kwa kujisikia. Inapimwa kwa damu, na kipimo hicho hufanywa wiki moja au mbili baada ya dawa kubadilishwa, kisha kila baada ya miezi michache. Kuhusu miraa na muguka nasema kwa ufupi: kathinoni iliyomo hufanya kazi jamaa ya adrenalini, hupandisha presha na mapigo. Mtu anayemeza bisoprololi asubuhi na kutafuna jioni anavunja kwa mkono mmoja alichojenga kwa mwingine.

Ramadhani nayo huja na maswali yake. Ami sasa huenda kwa daktari mwezi wa Shaabani ili dawa zipangwe upya kati ya futari na daku, na mwaka ambao daktari atamwambia asifunge, hatafunga. Alilipokea hilo kwa uzito kuliko nilivyotarajia.

Watu huniomba dawa ya kunyamazisha mapigo yanayoruka. Wanayasikia usiku wakilala ubavu wa kushoto, na yanatisha. Historia ina somo zito hapa. Miaka ya 1980 madaktari waliamini kwamba ukiyazima mapigo ya ziada kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo, utamwokoa. Utafiti wa CAST nchini Marekani ulilipima wazo hilo kwa dawa mbili, enkainidi na flekainidi. Mapigo ya ziada yalizimika kweli, na vifo vikawa zaidi ya mara mbili ya vile vya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa mwaka 1989. Dawa zile zilipunguza kasi ya umeme, na umeme wa polepole kandokando ya kovu ndio unaopata nafasi ya kuzunguka. Hata amiodaroni, yenye heshima kubwa, katika utafiti wa SCD-HeFT wa mwaka 2005 haikuongeza uhai wa wagonjwa wa moyo dhaifu kuliko vidonge visivyo na dawa. Zinazookoa ni zile zinazotibu msuli wenyewe: za kuzuia adrenalini, za jamii ya enalaprili, spironolaktoni, ambayo mwaka 1999 ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika utafiti wa RALES, na siku hizi dapagliflozini au empagliflozini, zilizoanza kama dawa za sukari. Zikitumiwa pamoja kwa miezi, chumba kilichotanuka huweza kurudi nyuma, na hatari ya umeme hupungua nacho.

Je, moyo ukirudi, dawa ziachwe? Madaktari wa London waliuliza hivyo katika utafiti uitwao TRED-HF, uliochapishwa mwaka 2019. Waliwachukua watu 51 ambao moyo wao uliokuwa umetanuka ulikuwa umerudi kawaida kwenye vipimo na hawakuwa na dalili yoyote. Walioachishwa dawa pole pole chini ya uangalizi, asilimia 44 ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi sita. Walioendelea na dawa, hakuna hata mmoja. Namba hizo nimeziandika kwa kalamu ya rangi na kuzibandika karibu na kaunta, na wateja wameanza kuziuliza.

Vifaa vya kushtua moyo vinavyopachikwa kifuani vipo, na kwa kawaida hufikiriwa kwa mtu ambaye moyo wake, baada ya miezi mitatu ya dawa kamili, bado unasukuma asilimia 35 au chini. Bei yake iko nje ya uwezo wa familia nyingi. Pia havimfai kila mtu sawasawa: utafiti wa DANISH wa mwaka 2016, kwa wagonjwa ambao sababu haikuwa mishipa kuziba, ulikuta vifo vya ghafla vilipungua kwa nusu lakini vifo vyote kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika, ila waliokuwa na umri mdogo walionekana kufaidika. Kwa hiyo aliyekosa kifaa hajakosa kila kitu. Kidonge cha bei ndogo kilichomezwa kila siku kina kazi kubwa.

Na mtu akianguka, asizinduke, na asiheme kama kawaida, asinyweshwe maji wala asisimamishwe. Alazwe chali penye ugumu, katikati ya kifua pakandamizwe kwa mikono miwili, ndani kiasi cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mtu mwingine akitafuta gari au boti. Walio karibu wapokezane, maana mikono huchoka upesi. Vijana wa Matondoni tumewafundisha hili, na wazee wao walikaa kutazama.

Limebaki la kurithi. Katika wenye moyo uliotanuka bila sababu inayoonekana, robo yao au zaidi wana ndugu mwenye ugonjwa huo huo. Jeni inayotajwa mara nyingi ni ya titini, protini ndefu ya msuli. Nyingine, ya lamini, inaweza kuleta hitilafu za umeme kabla moyo haujaanza hata kupanuka. Ndiyo sababu ndugu wa damu na watoto hupaswa kupimwa ECG na eko hata kama wako wazima. Watoto wa ami wamepimwa. Nduguye mdogo yuko Siyu, ana shamba, ana ng'ombe, hupanda minazi mwenyewe, na anasema hana ndwele wala dalili. Nimempigia na kumwomba, ami naye amempigia. Wiki iliyopita alikubali kuvuka kuja Amu kupimwa ECG, mradi ami aende kumpokea gatini, na eko tutaitafuta Mombasa karatasi hiyo ikishasomwa.